Msimu wa 2024 wa Timu ya Army ya West Point: Maswali Ninayoulizwa Hapa Nakuru

Nyumba yangu iko upande wa Lanet, na asubuhi nyingi kabla jua halijachomoza huwasikia askari wakipita mbio huku wakiimba kwa kuitikiana. Nilifundisha michezo shuleni kwa miaka mingi na kupuliza kipenga cha raga siku za Jumamosi, kwa hiyo majirani na waliokuwa wanafunzi wangu huniletea swali lolote linalohusu mpira wenye umbo la yai. Tangu nianze kuwasimulia habari za timu ya chuo cha kijeshi cha West Point kule Marekani, maswali yamekuwa yale yale, na nimechoka kuyajibu mmoja mmoja kwenye kibanda cha chai. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake. Mahali pengine nimerefusha kwa sababu jambo lenyewe linastahili, na pengine nimekata maneno.

Mwalimu, hii timu ni ya jeshi au ni ya chuo?

Ni ya chuo, ila chuo chenyewe ni cha jeshi. West Point ilianzishwa mwaka 1802 kando ya mto Hudson, takriban kilomita 80 kaskazini mwa jiji la New York, na ina makadeti wapatao 4,400, wanaume kwa wanawake. Kila mchezaji wa Army ni mwanafunzi wa shahada na pia mwanajeshi: anahudhuria madarasa, anakaguliwa sare na kitanda, anapiga gwaride, halafu ndipo anakwenda mazoezini.

Anayetafuta mfano wa karibu asikimbilie Ulinzi Stars. Ulinzi, ambayo Nakuru iliizoea pale Afraha na ambayo ilitwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010, ni timu ya jeshi letu zima, na wachezaji wake ni askari walioajiriwa. Army ni kana kwamba makadeti wanaosomea uafisa hapa Lanet wangeunda timu, wakaingia ligi moja na vyuo vikuu vya kiraia vyenye wanafunzi maelfu kwa maelfu, kisha wakavishinda vyote. Hilo la mwisho ndilo lililotokea mwaka 2024.

Huu ni mpira gani hasa? Mbona wanasimama kila sekunde kumi?

Ni futiboli ya Kimarekani, binamu wa raga aliyekwenda ng'ambo akarudi na helmeti. Kila upande una wachezaji kumi na mmoja uwanjani, uwanja una urefu wa yadi 100 kati ya mistari ya goli (mita 91 na ushei), na saa ya mchezo ni dakika 60 zilizogawanywa katika robo nne. Mechi nzima hata hivyo huchukua zaidi ya saa tatu, kwa kuwa saa husimama mara nyingi.

Tofauti kubwa na raga ya Kabras au ya Nakuru RFC ni hii: kwenye raga mchezaji akiangushwa, mpira unaachiliwa na mchezo unaendelea, lakini huku akiangushwa mchezo unasimama, watu wanajipanga upya, na jaribio jingine linaanza. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusonga yadi 10. Ikizipata inapewa majaribio mengine manne, na ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuuvusha mpira mstari wa goli huitwa tachidauni na huleta alama 6, na teke linalofuata huongeza moja. Teke la goli la kawaida lina alama 3. Anayepokea mpira mwanzoni mwa kila jaribio na kuamua uende wapi huitwa kwotabeki. Mwenye kuyashika haya ataweza kufuata mengine yote yaliyoandikwa hapa chini.

Kwa nini unazungumzia msimu wa 2024 na si mwingine?

Kwa sababu Army imecheza mpira huu tangu mwaka 1890, na katika miaka hiyo yote haikuwahi kuwa bingwa wa ligi yoyote. Kwa muda mrefu haikuwa hata na ligi. Ilicheza kama timu huru, ikiingia Conference USA kati ya 1998 na 2004 na kutoka humo mikono mitupu. Mwaka 2024 ilijiunga na American Athletic Conference kwa mpira huu pekee, na mwaka huo huo wa kwanza ikabeba kombe. Ilimaliza na ushindi mara 12 na kushindwa mara 2. Ushindi 12 haujawahi kufikiwa na kikosi kingine chochote cha chuo hicho, hata vile vya 1944, 1945 na 1946 vilivyotambuliwa kuwa mabingwa wa taifa, ingawa ni haki kukumbuka kwamba enzi hizo mechi zilikuwa chache.

Msimu ulikwendaje, mechi kwa mechi?

Ulianza tarehe 30 Agosti kwa kuinyuka Lehigh 42-7, mechi ambayo kila mtu aliitarajia. Florida Atlantic ikafuata, 24-7, kisha Rice 37-14, Temple 42-14, Tulsa 49-7, UAB 44-10 na East Carolina 45-28. Tarehe 2 Novemba ikaja Air Force, chuo cha jeshi la anga, ikalala 20-3, na wiki iliyofuata North Texas ikafa 14-3. Hizo ni mechi tisa bila doa, jambo ambalo Army ilikuwa haijalifanya tangu 1996. Ukijumlisha utaona kwamba ilifunga alama 317 na kufungwa 93.

Kisha Notre Dame ikawacharaza 49-14. Wakasimama tena na kuishinda UTSA kwa shida, 29-24, wakaikung'uta Tulane 35-14 katika fainali ya ligi, wakapoteza kwa Navy, chuo cha jeshi la majini, 31-13, na wakafunga kazi tarehe 28 Desemba kwa kuilaza Louisiana Tech 27-6 katika Independence Bowl, mechi ya kualikwa ya kufunga msimu, mjini Shreveport, jimbo la Louisiana. Katika orodha ya mwisho ya shirika la habari la AP, inayopanga timu 25 bora za vyuo nchini humo, Army ilikuwa ya 21.

Huwa naulizwa ni ipi iliyokuwa bora kati ya hizo. Wengi hutaja fainali. Mimi hutaja ile ya North Texas yenye alama chache kuliko zote, na sababu yake iko katika majibu mawili yanayofuata.

Kwa nini Army hukimbia na mpira tu? Hawajui kurusha?

Wanajua, lakini wamefanya hesabu. Majaribio ni manne na yadi zinazohitajika ni kumi. Timu inayopata yadi tatu kila inapobeba mpira itakuwa na yadi kumi na mbili baada ya majaribio manne, na kwa hiyo haitanyang'anywa mpira hata siku moja. Timu nyingine hulitumia jaribio la nne kuupiga mpira mbali na kujilinda, kwa kuwa mrusho ukikosa umepoteza jaribio zima bila yadi hata moja. Army mara nyingi hulitumia kama jaribio jingine la kawaida.

Jambo la pili ni miili. Afisa wa jeshi ana vipimo vya uzito anavyopaswa kutimiza, na kijana wa kilo 150 anayetafutwa na vyuo vikubwa kwa ajili ya safu ya mbele hana muda mrefu wa kuishi na uzito huo katika jeshi. Wakingaji wa Army, yaani wale wa safu ya mbele wanaowazuia wapinzani ili mbeba mpira apite, huwa wepesi kuliko wapinzani wao. Mwepesi hawezi kusimama kifua kwa kifua na mzito kwa saa tatu. Anachoweza ni kumwahi, kumpiga pembeni, kumgeuza na kumwacha akikimbilia mahali ambapo mpira haupo.

Hapo ndipo mtindo wao wa chaguo unapoingia. Kwotabeki anapopokea mpira, kwanza anaweza kumkabidhi fulbeki, mbeba mpira anayepita katikati. Akimwona beki wa upande wa pili amejaa katikati, anauvuta mpira tumboni mwa fulbeki na kukimbia nao mwenyewe kuelekea pembeni. Akikutana na beki mwingine huko, anamtupia mwenzake anayekimbia nje zaidi. Haya yote ni sekunde mbili au tatu, na uamuzi haufanywi na kocha wala haujulikani kabla: unafanywa na macho ya kijana mmoja anayemtazama adui mmoja. Waliocheza raga hapa Nakuru hulielewa hili upesi kuliko wanaotazama soka, kwa kuwa ni ile ile hadaa ya nambari kumi anayejifanya anapasua katikati.

Kocha Jeff Monken, aliyeshika timu mwaka 2014, amekulia katika mtindo huo tangu alipokuwa msaidizi kule Navy na Georgia Tech. Mwaka 2022 sheria za vyuo zilibana aina ya ukingaji wa chini ya kiuno ambao mtindo huu uliutegemea, na mwaka 2023 Army ikajaribu kubadilika, kwotabeki akisimama nyuma zaidi ya safu kama timu nyingine zinavyofanya. Matokeo yalikuwa ushindi 6 na kushindwa 6. Mwaka 2024 wakarudi kwa walichokijua, kikiwa kimerekebishwa ili kitii sheria mpya, na wakaongoza nchi nzima kwa yadi za kukimbia, wastani wa takriban 300 kwa kila mechi. Safu yao ya wakingaji ikapewa tuzo ya Joe Moore, inayotolewa kwa safu bora kuliko zote katika vyuo. Vijana wepesi ndio walioipata.

Ni nini hicho cha yadi 94 unachokisimulia kila mara?

Ndiyo mechi ya North Texas. Army ilikuwa mbele kwa tofauti ndogo, kipindi cha pili, na ikapewa mpira ikiwa imebanwa karibu kabisa na goli lake yenyewe. Timu ya kawaida hapo hujaribu mrusho mrefu au huomba tu isipoteze mpira. Army ikaanza kutembea. Yadi tatu, yadi tano, yadi mbili, yadi sita. Walikwenda yadi 94 kwa majaribio 21, na shambulizi hilo moja likala karibu dakika 14 za saa ya mchezo, likianza robo ya tatu na kuishia robo ya nne kwa tachidauni. Fikiria kwamba robo nzima ina dakika 15.

Nilikuwa nalitazama kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Mzee mmoja jirani yangu, sajini mstaafu asiyeupenda mchezo huu hata kidogo, alikuwa ameketi pembeni akisubiri habari. Baada ya jaribio la kumi hivi aliacha kuuliza habari zinaanza lini. Baada ya la kumi na tano akasema, "Hawa hawataki kufunga. Hawa wanataka yule mwingine achoke." Sijasikia maelezo bora ya mchezo wa Army kutoka kwa mtangazaji yeyote. Ukiwatazama mabeki wa North Texas katika majaribio ya mwisho uliona mikono imewekwa viunoni, na vichwa vinageuka kuitazama saa, ambayo ilikuwa inazidi kwenda.

Bryson Daily ni nani?

Ni kwotabeki wa msimu huo, naye hakufanana na makwotabeki wa matangazo ya biashara: mtu mzito wa mabega, anayekimbia kama fulbeki na kugongana na mabeki kwa hiari yake. Alifunga tachidauni 32 za kukimbia msimu mzima, idadi ambayo hakuna kwotabeki mwingine wa daraja la juu la vyuo aliyewahi kuifikia katika msimu mmoja. Rekodi ya awali ya 31 ilikuwa ya Keenan Reynolds wa Navy, na naamini kuinyang'anya Navy kuliongeza utamu. Katika kura za tuzo ya Heisman, anayopewa mchezaji bora wa vyuo, Daily alikuwa wa 6. Army imewahi kutoa washindi watatu wa tuzo hiyo, Doc Blanchard mwaka 1945, Glenn Davis mwaka 1946 na Pete Dawkins mwaka 1958, lakini zama hizo chuo cha kijeshi kiliweza kumpata kijana yeyote kilichomtaka.

Mechi ya Air Force hakucheza kabisa, na Army ikashinda bila yeye. Wanaosema timu ilikuwa ya mtu mmoja waitazame mechi hiyo.

Notre Dame iliwafanya nini?

Iliwapita kasi, basi. Mechi ilikuwa tarehe 23 Novemba katika Yankee Stadium, New York, na kwetu ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili. Mpango wa Army wa kula saa unafanya kazi ikiwa uko mbele au mko sawa. Ukiachwa nyuma kwa tachidauni mbili mapema, saa uliyokuwa unaila inaanza kukula wewe. Notre Dame walifunga haraka, na kufikia mapumziko jambo lilikuwa limekwisha. Wazee wa West Point wanapenda kukumbuka kwamba mwaka 1946 timu hizi mbili zilikutana katika Yankee Stadium ya zamani na kutoka 0-0. Hakukuwa na cha kukumbusha hayo safari hii.

Na fainali ya ligi?

Ilichezwa Ijumaa tarehe 6 Desemba nyumbani kwa Army, Michie Stadium, uwanja uliofunguliwa mwaka 1924 na ambao kwa hiyo ulikuwa unatimiza miaka mia. Hapa Nakuru ilikuwa saa kumi alfajiri ya Jumamosi. Umeme ulikuwa umepotea tangu usiku, simu ilikuwa na asilimia ndogo ya chaji, na nililazimika kuzima mwanga wa kioo hadi wachezaji wakawa vivuli. Hata hivyo niliona ya kutosha: Daily akifunga tachidauni nne kwa miguu yake na kukimbia yadi 126, na makadeti majukwaani, safu kwa safu za kijivu, wakiruka kama watoto. Tulane ilikuwa timu yenye vipaji zaidi. Haikupata mpira wa kutosha wa kuvionyesha.

Kama walikuwa mabingwa, kwa nini hawakuingia katika mchujo wa ubingwa wa taifa?

Mwaka 2024 mchujo huo ulipanuliwa hadi timu 12, na nafasi tano ziliwekewa mabingwa watano wa ligi waliopangwa juu zaidi na kamati. Watano hao walikuwa Oregon, Georgia, Boise State, Arizona State na Clemson. Army, baada ya kipigo cha Notre Dame, ilikuwa chini yao. Timu zilitangazwa tarehe 8 Desemba, kabla hata ya mechi ya Navy. Mtu anaweza kulalamika kuhusu mpangilio huo, lakini aliyefungwa 49-14 mbele ya kamati hana mengi ya kusema.

Mwalimu, walishinda kombe. Kwa nini basi bado wanalia juu ya mechi moja ya Navy?

Swali hili huulizwa na mashabiki wa soka, nami huwajibu kwa swali: muulize shabiki wa AFC Leopards wa Kakamega kama angeridhika na msimu mzuri uliomalizika kwa kufungwa na Gor Mahia. Mechi ya Mashemeji imetuandaa vizuri kulielewa jambo hili, ingawa Army na Navy wana umri mkubwa zaidi. Walikutana mara ya kwanza mwaka 1890, Navy ikashinda 24-0, na mechi ya 2024 ilikuwa ya 125. Baada yake Navy ilikuwa imeshinda 63, Army 55, na 7 zilitoka sare.

Wote wawili wako katika ligi moja sasa, lakini mechi yao haihesabiwi katika msimamo wa ligi hiyo. Huchezwa peke yake Jumamosi ya pili ya Desemba, wiki moja baada ya fainali za ligi, karibu mechi nyingine zote za vyuo zikiwa zimesimama. Kabla ya kuanza, makadeti wa Army na wanafunzi wa Navy huingia uwanjani kwa gwaride, maelfu kwa maelfu, wakapanga mistari hadi nyasi zisionekane. Kisha hubadilishana wale wanaoitwa mateka, ambao ni wanafunzi waliokaa muhula mzima katika chuo cha mahasimu na sasa wanarudishwa kwao. Mwisho wa mechi, timu zote mbili husimama pamoja mbele ya wanafunzi wa upande ulioshindwa na kuuimba wimbo wa chuo chao, halafu huhamia kwa washindi. Kuimba wa pili ndiko kushinda, na katika vyuo hivyo usemi wa "kuimba wa pili" husikika mwaka mzima.

Tarehe 14 Desemba 2024 mjini Landover, Maryland, Army iliingia ikiwa bingwa, imevaa jezi za kuwakumbuka askari wa Divisheni ya 101 waliozingirwa Bastogne, mji wa Ubelgiji, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia katika majira ya baridi ya 1944. Ikatoka imeimba wa kwanza. Kwotabeki wa Navy, Blake Horvath, alikimbia yadi 204, akafunga mara mbili na kutoa pasi mbili za tachidauni. Daily alinyang'anywa mipira mitatu aliyoirusha. Lakini kilichowavunja, kwa maoni yangu, ni jambo dogo la robo ya nne: Navy ilijipanga kana kwamba inaupiga mpira mbali, halafu mpira ukapewa Landon Robinson, jitu la safu ya ulinzi ambalo hakuna aliyetarajia libebe kitu, likakimbia yadi 29. Wenye kuishi kwa hadaa wakahadaiwa.

Navy ilikuwa imeishinda Air Force pia, na hivyo ikalichukua Kombe la Amiri Jeshi Mkuu, linaloshindaniwa na vyuo vitatu vya kijeshi tangu 1972. Ndiyo maana chuoni West Point kuna watu wanaoukumbuka msimu huo kwa kombe ambalo halikuja. Nadhani hawajitendei haki. Hata hivyo ndivyo wanavyohesabu, na waliocheza ni wao.

Je, mechi ya Louisiana Tech ilikuwa na maana yoyote?

Kidogo. Mpinzani alipaswa kuwa Marshall, lakini kocha wa Marshall alihama, wachezaji wengi wakatafuta vyuo vingine, na timu ikajiondoa. Louisiana Tech iliitwa kujaza nafasi. Army ilihitaji ushindi wa 12 na ikaupata.

Wachezaji hulipwa? Na baada ya chuo huenda wapi?

Makadeti wote husomeshwa bure na kupewa posho, awe mchezaji au asiwe, na kwa malipo hayo hulitumikia jeshi kama maafisa kwa angalau miaka mitano baada ya kuhitimu. Mikataba ya matangazo ambayo imewatajirisha wachezaji wa vyuo vingine hawaigusi, kwa kuwa wao tayari wako katika utumishi wa serikali.

Mlango wa kuondoka uko wazi kwa miaka miwili ya kwanza. Mwanzoni mwa mwaka wa tatu kadeti huthibitisha kiapo, na kuanzia hapo akiondoka anaweza kudaiwa utumishi au gharama. Kanye Udoh, aliyekuwa mkimbiaji hodari wa msimu huo akiwa mwaka wa pili, aliutumia mlango huo na kwenda Arizona State. Nimesikia watu wakimwita msaliti. Mimi nimewahi kuwaona vijana wangu wa raga wakiondoka Nakuru kwenda kwa wenye basi zuri na mshahara, na sikumlaumu hata mmoja.

Kwa nini timu ya jeshi kubwa hivyo ina mnyama kama punda?

Si punda, ni baghala, mtoto wa punda na farasi, ambaye wengine humwita nyumbu. Asichanganywe na nyumbu wa Masai Mara. Ndiye aliyebebea jeshi lao mizigo na mizinga kwa vizazi, na amekuwa alama ya timu tangu 1899. Navy wana beberu. Kuibiana wanyama hao ni mchezo wa zamani ambao wakubwa wa vyuo hukataza kila mwaka.

Ni kweli makadeti hupiga pushapu kila timu inapofunga?

Ni kweli, na idadi hulingana na jumla ya alama zilizofikiwa. Timu ikifunga mara sita kwa alama saba saba, hupigwa 7, kisha 14, 21, 28, 35 na 42, ambazo jumla yake ni 147. Niliwahi kuwapa hesabu hii wanafunzi wa darasa la saba kabla sijastaafu, na mmoja akauliza kama mashabiki hao huomba timu yao isifunge.

Mwanangu yuko kidato cha nne na ana mbio. Anaweza kuingia West Point?

Chuo hicho hupokea idadi ndogo ya makadeti kutoka nchi nyingine, wasiozidi 60 kwa wakati mmoja, wanaopendekezwa na serikali zao na ambao hurudi kutumikia majeshi yao. Kwa hiyo njia hupitia serikalini, si kwa kocha, na kinachoangaliwa kwanza ni masomo. Mzazi atakayeombwa pesa na mtu anayedai kuuza nafasi hizo ajue anaibiwa.

Tunaweza kutazama lini, na saa ngapi?

Msimu huanza mwisho wa Agosti. Mechi inayoanza saa sita mchana kwao huwa saa moja usiku kwetu hadi mwanzoni mwa Novemba, wanaporudisha saa zao nyuma, kisha huwa saa mbili usiku. Zile za jioni kwao hutuangukia alfajiri, na hizo nawaachia vijana. Ya Army na Navy kwa kawaida huanza saa tisa alasiri ya kule, yaani saa tano usiku Nakuru, lakini gwaride hutangulia kwa saa tatu hivi na mimi huliona kuwa nusu ya mechi. Watakaokuja kwangu wafike saa mbili, waje na blanketi, kwa sababu Lanet mwezi wa Desemba usiku ni baridi, na kila mtu aje na simu iliyojaa chaji.